Kabla ya Maji ya Uskoti

Bwana asifiwe. Wengine nimewasalimu kwa mkono pale mlangoni, na nyinyi mliochelewa kama kawaida yangu mimi, karibuni, viti bado viko. Mama mwenyekiti ameniomba niongee polepole, kwa sababu nikiogopa nakimbiza maneno. Nitajaribu.

Nimekuwa nikija kwa kikundi hiki tangu mwaka uliopita. Wengi mnanijua kama yule anayekaa karibu na mlango, anakunywa chai, anasikiliza wenzake wakilia, halafu anaenda nyumbani bila kusema aliyemzika ni nani. Leo nitasema.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Ninakaa hapa Eldoret, mtaa wa West Indies, lakini kwetu ni upande wa Burnt Forest, kule kwa viazi na baridi. Nilikuwa kidato cha pili wakati ndama wetu alipoteleza akaingia bwawani baada ya mvua. Kaka yangu mkubwa alivua viatu akamfuata. Ndama alitoka upande wa pili, akajikung'uta, akaanza kula nyasi. Kaka yangu hakutoka.

Nilikuwa pale ukingoni. Majirani walikuja mbio, wanaume wazima wakasimama na kamba mkononi, na hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Siwalaumu, ndugu zangu. Sisi watu wa huku juu, maji ni ya kunywa, ya chai na ya ng'ombe. Miguu Mungu ametupa ya kukimbia, lakini ndani ya maji haitusaidii.

Tulipomzika, mama alisema neno moja tu. Nawapa kwa Kiswahili, alisema kwa lugha ya kwetu: "Mtoto wangu hataingia maji tena." Picha ya kaka ikatolewa ukutani. Jina lake halikutajwa tena kwa ile nyumba, hata kwa maombi ya chakula. Tukaishi hivyo. Nikasoma, nikawa mwalimu, na kila asubuhi kabla ya shule nikawa nakimbia, kwa sababu nikikimbia sifikirii kitu.

Sasa, kwa huko kukimbia ndiko watu watatu waliniona. Mmoja anatengeneza baiskeli hapa mjini, ndiye kapteni. Wa pili ni muuguzi, mrefu, mpole. Wa tatu ni mkulima, familia yao ilitoka Mkoa wa Kati zamani wakanunua shamba huku. Walikuwa wanaunda timu ya kwenda Uskoti, huko juu ya Uingereza, kwa mashindano ya siku nyingi. Si mbio za barabara kama tunazojua. Mnapewa ramani, mnapita milima kwa miguu, mnaendesha baiskeli porini, mnalala kidogo mkipata nafasi. Na sheria ni kwamba timu ni ya watu wanne, lazima awemo mwanamke, na hakuna kuachana. Mmoja akikaa chini, wote wanasimama.

Kapteni alinikuta nikipanda kilima, akasimamisha baiskeli. "Mwalimu," akaniambia, "tunatafuta mtu wa kutuaibisha kwa milima."

Nikacheka. Nikauliza kuna nini kingine.

"Milima, baiskeli, ramani," akasema. Halafu akaangalia kando. "Na maji kidogo."

Ndugu zangu, nawaambia, mtu akikwambia maji kidogo, muulize ni kidogo kiasi gani. Mimi sikuuliza. Nilitaka sana kwenda. Nilikuwa sijawahi kuchaguliwa kwa kitu. Eldoret ukikimbia vizuri wewe ni mtu wa kawaida tu, hata anayekuuzia mboga anakimbia kukushinda. Na hawa watu walinitaka mimi.

Tulifanya mazoezi miezi mizuri sana. Tulipanda, tukashuka, tukapotea msituni na ramani mkononi, mkulima akitulisha viazi vitamu vilivyochemshwa kama watoto wake. Kwa mama nikasema ni mashindano ya kukimbia. Haikuwa uongo. Ilikuwa nusu.

Halafu ikafika siku ya maji. Kapteni alikuwa ameazima kayaki mbili, ile mitumbwi myembamba ya plastiki ya watu wawili, tukaenda bwawa moja nje ya mji. Nikavaa jaketi ya kuelea. Wakanieleza kwamba hata nikianguka, jaketi itanishikilia juu. Kichwa kilielewa. Mwili ulikataa kabisa. Muuguzi akakaa nyuma yangu na kasia, tukasukumwa, na tulipofika mahali ambapo sioni chini, upepo ukapiga, mtumbwi ukainama, na mimi nikafanya lile usilopaswa kufanya. Nikasimama.

Tukapinduka. Sikumbuki maji yakiwa baridi. Nakumbuka nimepata shingo ya mtu na nimeikumbatia kwa nguvu zangu zote. Ilikuwa ya muuguzi. Kila akijaribu kupumua, mimi namkandamiza chini. Kapteni na mkulima walikuja na kayaki ya pili, wakanibandua kwake kama vile unabandua kupe kwa ng'ombe. Yule mtu alitapika maji ukingoni hadi akapiga magoti, macho yamekuwa mekundu. Na bado aliinua kichwa akauliza, "Mwalimu yuko sawa?"

Nilichukua viatu vyangu nikaenda barabarani bila kuaga, nikapanda boda boda nikiwa bado natiririka maji.

Hapo ndipo nilianguka, wapendwa. Si kwa ile kayaki, ni baada yake. Nilizima simu. Niliacha kukimbia. Nikawa siwezi kumwaga maji kichwani, naoga kwa kitambaa kilicholowa kama mgonjwa. Darasani nilikuwa naandika ubaoni nasahau sentensi katikati, watoto wananyamaza wakingoja. Kila nikifumba macho naona ukingo wa bwawa letu na wale watu na kamba zao. Niliona kwamba nilikuwa karibu kumuua mtu mzuri, na kwamba mama alisema kweli, maji si yetu. Nikakonda. Mwalimu mwenzangu ndiye alinileta kwa kikundi hiki, na sikumwambia sababu.

Siku moja jioni, wote watatu walibisha mlango. Nilijua wamekuja kuniambia wamepata mwanamke mwingine, na nilikuwa nimeshawasamehe. Nikapika chai. Walikaa wamebanana kwa kile kiti changu kimoja kirefu, magoti yao yako juu.

"Mmepata mtu?" nikauliza.

"Mtu wa nini?" kapteni akasema. "Sheria unaijua. Mmoja akikaa chini, timu inasimama. Sisi tumesimama tunakungoja."

"Mimi sitaingia maji tena."

"Sawa," akasema, akaongeza sukari kwa chai.

Muuguzi ndiye aliyeniangalia vizuri. "Mwalimu, nikuulize kitu. Kule majini ulikuwa unaniita jina la mtu. Ulilirudia na kulirudia. Huyo ni nani?"

Sikujua kwamba nilikuwa nimeita. Sikujua hata kama mdomo wangu bado unalijua hilo jina. Nilikaa chini pale pale jikoni, kwa sakafu, nikawaambia yote. Ndama, kamba, picha iliyotolewa ukutani. Hakuna aliyenikatiza. Nilipomaliza, mkulima, ambaye huwa haongei, alisema, "Hata kwetu kuna jina hatutaji." Watu wa Burnt Forest, mnaokumbuka vile vita vya uchaguzi, hamhitaji kuuliza zaidi, na mimi sikuuliza. Niliinuka nikamwongezea chai.

Wakati wa kuondoka muuguzi akaniambia, "Maji tutayashughulikia baadaye. Kwanza ongea na mama yako."

Nilimkuta mama shambani anavuna viazi. Nikashika jembe, nikalima kando yake mstari mzima kabla sijafungua mdomo. Nilipomwambia habari ya maji, hakuinua kichwa.

"Nilizika mmoja," akasema. "Unataka nizike wa pili?"

"Hapana, mama."

"Na hao wa kwako wanajua kuogelea?"

"Wanajua."

"Na wewe?"

"Sijui."

Akaweka kiazi kwa ndoo. Nilingoja anifukuze. Badala yake akafungua leso aliyojifunga kiunoni, akaishika mbele yake na mikono miwili. "Ile siku nilirusha leso," akaniambia. "Nilishika ncha moja nikarusha ile nyingine. Ilifika nusu. Nilikuwa naona mkono wake, na leso imefika nusu. Kila nikilala narusha ile leso."

Jameni, miaka hiyo yote nilidhani mama amemsahau. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyebaki pale ukingoni. Kumbe tulikuwa tumesimama wawili, kila mmoja anadhani yuko peke yake.

Tulilia pale kati ya viazi. Halafu mama akajipangusa uso kwa ile leso akasema, kwa sauti yake ya kupanga kazi, "Kama ni lazima uende, hutaenda hivyo. Utafundishwa. Na nitakuja kuona kwa macho yangu."

Na akaja. Kila Jumamosi mama alitoka Burnt Forest na sweta yake na kofia ya sufu, akaja hapa mjini kwa kidimbwi cha kuogelea. Mwalimu wangu alikuwa mama mmoja anayefundisha watoto wadogo, na kwa sababu hapakuwa na darasa la watu wazima, alinitia kwa lile la watoto. Wenzangu walikuwa wa chekechea. Mimi mwalimu mzima nimeshika ubao wa kuelea, mtoto amenipita anasema, "Teacha, piga miguu!" Mama alipewa kiti cha plastiki. Jumamosi ya kwanza alikigeuza, akakipa kidimbwi mgongo, akasoma Biblia. Ya pili akakaa kiubavu. Nilimwona akichungulia.

Mwalimu wa kuogelea aliniambia, "Wewe unapigana na maji. Yalalie." Nilishindwa, nikashindwa. Lakini siku moja nililala, masikio yamezama, naona tu mbingu ya Eldoret, na nikagundua sijashikwa na mtu. Nilipoinuka, kiti cha mama kilikuwa kimegeuka kabisa.

Timu ilirudi kazini. Kabla ya safari kuna zoezi lazima tulifanye: unapindua kayaki kwa makusudi kwenye maji marefu, unaigeuza, unaipanda tena. Kapteni alikuwa ametafuta mahali. Mama akasikia, akasema, "Kabla hujaenda kwa maji ya Uskoti, pita ya kwetu."

Sikulala vizuri ile wiki, sitawadanganya. Tulienda lile bwawa letu mchana, jua likiwa kali. Habari ilikuwa imefika mbele yetu, majirani walikuwa wamesimama ukingoni, wengine ni wale wale wa kamba, sasa wana mvi. Mama alisimama mbele yao wote, karibu sana na maji, viatu vimezama matopeni.

Nilikaa mbele, muuguzi nyuma yangu, yule yule. Tulipofika katikati tukaacha kupiga kasia. Akaniuliza, "Uko tayari?" Nikasema hapana. Akasema, "Hata mimi." Tukapinduka.

Chini kulikuwa giza, rangi ya chai. Mikono yangu ilitaka shingo. Nawaambia ukweli, ilitaka. Nikapiga miguu vile watoto wa chekechea walinifundisha, jaketi ikanivuta, nikatoka juu nikapumua, nikashika plastiki badala ya mtu. Tukageuza kayaki. Nilianguka mara ya kwanza nikijaribu kupanda. Mara ya pili nikapanda.

Hakuna aliyepiga makofi. Halafu nikamsikia mama. Aliita jina la kaka yangu, kwa sauti kubwa, vile alikuwa anamwita kutoka malishoni, jina ambalo lile bwawa halikuwa limelisikia tangu ile siku. Akasema, "Mdogo wako ametoka! Unasikia? Mdogo wako ametoka."

Mzee mmoja kati ya wale wa kamba alivua kofia. Kisha mama jirani akataja jina hilo hilo, na mwingine, na tulipofika ukingoni walikuwa wanasimuliana habari za kaka yangu, vile alivyokuwa mchokozi, vile alivyoiba mahindi mabichi, na mama anacheka huku machozi yanashuka.

Alhamisi tunaondoka. Hatutashinda, nawaambia mapema msije mkatusubiri na maua. Kuna watu huko wamezaliwa ndani ya mitumbwi. Maji yao ni baridi na bado yananiogopesha, lakini nitaingia.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru wale watatu waliosimama nilipokaa chini, na muuguzi zaidi, kwa sababu angeweza kuniuliza kwa nini nilimkaba, akaniuliza namwita nani. Namshukuru mwalimu wa kidimbwi. Na nyinyi, mliniacha nikae karibu na mlango hadi nikawa tayari, hakuna aliyenisukuma.

Kama nina la kuwaachia ni hili. Hapa ndani tumekubaliana hatutaji majina, na ni vizuri. Lakini ukifika nyumbani leo, litaje la yule uliyemzika. Litaje mbele ya mwenye uchungu kama wako. Pengine naye amekaa miaka akingoja mtu aanze.

Namalizia. Juzi yule mwalimu wa kuogelea alinipigia simu, nikadhani nimesahau taulo. Akaniambia mama yangu amekuja bila mimi, amesimama hapo mlangoni na kofia yake ya sufu, anauliza kama kuna nguo za kuogelea za mtu wa umri wake.

Msicheke sana, amekaa hapo nyuma. Mama, inuka wakuone.