Miwaridi Kumi na Minne ya Mzee Nsabimana

Mzee Nsabimana ameitunza bustani ya nyumba yetu ya wageni hapa Kimihurura miaka ishirini na sita. Tarehe 31 Oktoba anastaafu na kwenda kwake Kabuga. Maneno haya ni yangu, Jovina wa jikoni. Uwamahoro wa mapokezi ameyaandika, nami nimemwambia asiyapambe.

Alipokuja hapa palikuwa na mawe na vipande vya matofali. Akapanda mwaridi mmoja mwekundu karibu na geti, kisha mingine, hadi ikafika kumi na minne.

Si mtu rahisi. Mwaka wake wa pili nilichuma mawaridi sita bila kumwomba, niweke kwenye meza ya harusi. Siku tatu hakugusa chai yangu. Ya nne akaja na kikombe chake, akasema chai ya jirani ina ladha ya mpira wa maji. Tangu hapo naingia bustanini kwa hodi.

Alipaswa kustaafu mwezi wa sita. Mwezi huohuo wakubwa wakasema geti linapanuliwa, miwaridi ing'olewe. Akaingia ofisini na mabuti yake ya udongo, akawaambia miti ya umri ule haihamishwi juani, wampe hadi mvua zirudi. Wakampa.

Akaikata mizizi kwa sepetu, nusu duara mwezi wa sita, nusu iliyobaki mwezi wa nane, ili karibu na shina iote mizizi midogo. Mvua ilipoanza akafupisha matawi yakawa kimo cha goti, akafunga kila shina na udongo wake ndani ya gunia bichi. Watu wanne wakaibeba mmoja mmoja hadi chini ya dirisha la jikoni. Anasema mimi wa jikoni nilibeba maneno tu.

Kumi na mitatu imechipua. Ule mwekundu wa kwanza bado ni vijiti. Kila asubuhi anaukwaruza kwa ukucha, anaona kijani chini ya gamba, anasema uko hai, unanuna tu. Naye anaondoka kabla ya kuliona jani lake.

Asante, mzee wangu. Saa nne ya chai sijui nitamkemea nani kwa kunichafulia sakafu. Kapumzike, goti lako lipone, na wajukuu wakusikilize kuliko nilivyokusikiliza mimi. Ule mwekundu nitaumwagilia maji mwenyewe, asubuhi, si mchana. Ukitoa jani nitakupigia simu. Usipotoa, nitakupigia pia.