Nilisingizia Mtandao

Amahoro, amani iwe kwenu, ndugu zangu. Nimesimama kwa sababu nilikosa, na niliowakosea ni ninyi wanakikundi mliokaa hapa.

Mliniomba programu ya kuonyesha nani ana mbegu gani ya maharage, ili mvua zikikaribia kila mtu ajue aende kwa nani. Niliitengeneza peke yangu kule Rungwe Mpya, kwenye chumba alichoniachia mama. Tangu tumzike, siku nzima inapita hakuna aliyeniita jina, na mimi najisifu eti sihitaji mtu. Kwenye kompyuta yangu programu iliwaka vizuri kabisa.

Ili ifanye kazi na kwenye kompyuta ya kikundi hapa Kasulu, niliifunga kwenye makontena mawili. Chukulieni ni vyumba viwili vya kupanga: kimoja kina kurasa mnazoziona, kingine kina kumbukumbu za mbegu. Siku ya kuwaonyesha, weee! Ukurasa mtupu. Nikawaambia mtandao ndio mbovu. Ndugu zangu, nawaambia leo, ulikuwa uongo.

Nikazima simu. Mvua zikaanza, mkapanda kwa kubahatisha, mimi niko ndani nasoma mipangilio mstari kwa mstari, kosa silioni. Upweke ule sitaki kuurudia. Nilifika mahali naongea na sufuria, kweli tena.

Wiki ya tatu mama mmoja wa humu akabisha hodi na kikapu cha viazi. Nikaanza kujitetea. Akanikatiza: "Nani kaulizia programu? Tumekukosa wewe, mwanangu." Nikalia palepale mlangoni.

Kesho yake nikabeba kompyuta, nikapanda basi hadi Kibondo, kwa kaka mmoja aliyewahi kufundisha kompyuta kwenye kambi ya wakimbizi ya Nduta. Niliogopa atanicheka. Na alicheka kweli! Akaniwekea kidole kwenye mstari mmoja.

"Dada, umeliagiza kontena la kurasa litafute kumbukumbu humo humo ndani mwake. Mwanzo vyote vilikaa chumba kimoja. Sasa kumbukumbu ziko kwa jirani, basi liandikie jina la jirani."

Nikaandika neno moja tu. Mbegu zenu zote zikajipanga kwenye kioo, na niliporudi hapa Kasulu ikawaka vilevile.

Asante kaka yangu wa Kibondo. Asante mama wa viazi, nakuona unavyojificha hapo nyuma. Nanyi nyote, nisameheni msimu ule. Ukikwama, sema siku ileile umekwama. Maelekezo ya kuiwasha nimeyabandika ukutani, isiwe siri yangu tena.

Na nikikosa vikao viwili, msinisubiri. Njooni mbishe hodi.