Historia ya Baba Yetu, Fundi Bomba wa Chumba cha Tisa

Ndugu, jamaa, majirani wa nyumba yetu, na nyote mlioacha kazi zenu kuja kusimama nasi leo, kaka yangu mkubwa ndiye aliyepaswa kusoma karatasi hii, ila amesema sauti yake haitafika mwisho, hivyo nasoma mimi kitinda mimba, niliyekuwa naishi na baba mpaka Ijumaa iliyopita.

Marehemu baba yetu, ambaye wengi mlimwita Fundi Taratibu, alizaliwa tarehe 3 Juni 1954, mtoto wa nne kati ya sita, nyumbani kwa bibi yake mzaa mama, mikononi mwa mkunga jirani, na tumesimuliwa kwamba hata kulia alichelewa, mkunga akampiga kofi la mgongo akisema, "Wewe nawe, tunakusubiri."

Alianza shule ya msingi Januari 1962 akamaliza Novemba 1968, hesabu aliziweza na mwandiko wake ulisifiwa, lakini mwaka huohuo babu aliumia mgongo na habari ya sekondari ikafia hapo, baba akapelekwa kwa mjomba wake aliyekuwa fundi bomba, naye akamfundisha kwanza kufagia, kisha kushika spana, na mwisho kuusikiliza ukuta kabla ya kuubomoa.

Tarehe 2 Aprili 1973 aliajiriwa idara ya maji, akatumika miaka kumi na mitatu, akapunguzwa kazini pamoja na wenzake tarehe 30 Juni 1986, akarudi nyumbani na begi la spana na cheti cha shukrani, akamwambia mama, "Cheti tutakitundika, hizi spana ndizo zitakazotulisha," na kweli zilitulisha, kwa sababu kuanzia hapo alijiajiri mwenyewe hadi mwezi huu.

Alifunga ndoa na mama yetu, mfuma masweta, tarehe 18 Agosti 1979, wakajaliwa watoto watatu, kaka mwaka 1981, dada mwaka 1985, na mimi mwaka 1996, niliyekuja wakati mama ameshagawa nguo zote za watoto. Mama alitutoka tarehe 9 Mei 2011. Baba ameacha watoto hao watatu na wajukuu watano, wa mwisho akiwa binti yangu wa mwaka mmoja, ambaye alilala kifuani kwake kila mchana ili mimi nipate kufua.

Tarehe 1 Februari 1984 wazazi wetu walihamia chumba cha tisa, ghorofa ya chini, katika nyumba ya vyumba ishirini na viwili, kila chumba kikiwa na sinki lake karibu na mlango, na baba akawa fundi wa masinki yote hayo. Alikuwa na desturi yake, kila akibadilisha mpira wa bomba au kuzibua sinki, anageuza mlango, anachuchumaa, na kwa ncha ya msumari anachora nyuma yake, chini kabisa, tarehe ya siku ile na herufi za kwanza za jina la mpangaji, ili akiitwa tena ajue kazi yake imedumu muda gani. Chumba cha tisa peke yake hakikuwahi kupata huduma hiyo, kinyozi hajinyoi, bomba letu limevuja tangu sina akili, na mama akiulizwa na wageni kuhusu beseni lililokaa chini yake alikuwa akijibu, "Hilo ndilo tangazo la kazi ya mume wangu."

Tarehe 11 Machi mwaka huu, 2024, tulibandikiwa tangazo getini kwamba mtaa wetu unakarabatiwa na kila mtu ahame, na kanuni ya ukarabati ilisema mpangaji aliyekaa miaka kumi au zaidi ana haki ya kurudi chumbani kwake kazi ikiisha, kwa kodi ileile, mradi aonyeshe ushahidi ulio ndani ya nyumba au kwenye maandishi. Sisi kodi tulitoa mkononi, mikataba ilikuwa ya mdomo, na wakala wa mwenye nyumba akasimama uani akasema hapa hakuna wapangaji, kuna wapita njia. Mpangaji kumtolea ushahidi mpangaji mwenzake hakuruhusiwi. Baba hakubishana, aliandika barua kwa ofisi ya ukarabati kwa mwandiko ule uliosifiwa shuleni, kwamba ushahidi wa nyumba hii uko nyuma ya milango, waje wauone. Hakutuambia, alidhani si jambo la kuambiana, milango si ipo.

Moyo wake ulikuwa na matatizo tangu mwaka 2022, na tarehe 12 Agosti ulimzidi akalazwa wiki nzima. Akiwa huko ikaja taarifa kwamba mkaguzi atafika tarehe 21, na hapa ndugu zangu niseme mwenyewe kabla sijasemewa, wazo lilikuwa langu. Nilisema mgeni wa serikali hawezi kuingia nyumba yenye milango iliyochakaa hivi, atasema hatujui kutunza, na baba naye akirudi akute pazuri. Watu wakachanga walichonacho, fundi viatu wa chumba cha nne akaleta brashi, na Jumamosi na Jumapili tukaziba kila mkwaruzo kwa unga wa mbao na gundi, tukapaka rangi milango yote ishirini na miwili, mbele na nyuma, tukiimba.

Baba alirudi Jumatatu tarehe 19. Alisimama getini akanusa, akaingia chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu, akageuza kila mlango akauangalia chini, kisha akaketi kwenye ngazi akavua viatu. Nilimuuliza kama kifua kinauma. Akasema, "Hapana, mama. Pamependeza. Mmefanya kazi nzuri." Aliniambia kuhusu ile barua kesho yake, tena baada ya kuhakikisha nimekula.

Mkaguzi alipofika, wakala alicheka mpaka akashika ukuta, "Mzee, ushahidi wako unanukia rangi ya dukani." Yule mama mkaguzi hakucheka, alipiga magoti na tochi, akatazama, akampa baba siku thelathini za kuifukua mikwaruzo yake, mwisho Ijumaa hii tarehe 20, akaiandika tarehe hiyo kwa mkono wake na kumsomea mara mbili. Alisema akiuona mkwaruzo wenye uchafu na rangi ya zamani ndani yake atajua ni wa kale, ila ukisuguliwa sana hautamwambia kitu.

Ndiyo maana baba alikataa kusaidiwa, mkono wa haraka ungefuta alichokitafuta. Kuanzia tarehe 22 Agosti alikaa sakafuni na msasa laini na maji ya uvuguvugu, kitambaa puani, mlango mmoja kwa siku, siku nyingine nusu mlango. Daktari alishamkataza vumbi. Nilimbembeleza, nikamnunia, siku moja nikauficha msasa, akanitazama tu akasema, "Mwanangu, mimi nimechoka kuliko unavyodhani, nipe huo msasa nimalize." Mwenye chumba cha kumi na sita alimwekea godoro la kukalia. Mama wa chumba cha pili alipika uji usio na chumvi siku zote hizo na hakuna aliyemwomba. Mkaguzi alikuja kila Ijumaa, akasaini hati za kurejea, ya mwisho ikasainiwa Ijumaa iliyopita, wakawa wapangaji ishirini na mmoja.

Ijumaa hiyohiyo mchana baba alishindwa kupumua, tukamkimbiza hospitali, na Jumamosi tarehe 14 Septemba 2024, saa nne na robo asubuhi, akafariki dunia, akiwa na miaka sabini, miezi mitatu na siku kumi na moja.

Jumapili nilichukua msasa wake, nikakaa nyuma ya mlango wa chumba cha tisa, aliouacha wa mwisho. Nilisugua taratibu kama nilivyomwona akifanya, kutoka asubuhi hadi mtoto alipoamka mara ya pili, na sikukuta kitu, kwa sababu hakuna aliyewahi kutengeneza bomba letu. Baba alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Milango ya wenzetu inaonyesha alikuja kufanya kazi, haionyeshi alikuwa akilala wapi, na mimi na binti yangu hatuna hati.

Kwa niaba ya familia tunamshukuru daktari wa wodi ya moyo, ambaye hakutudanganya, na nesi aliyembeba mwanangu saa nzima ili nimshike baba mkono. Tunawashukuru wazee wa idara ya maji, waliolibeba jeneza na miguu yao wenyewe ikiwauma. Tunamshukuru mkaguzi, aliyeko hapa amekaa nyuma, na hatumwombi chochote leo. Na nyinyi majirani, jana mlijaa chumbani kwetu mpaka wengine mkasimama kwenye beseni, nikadhani mmekuja kuaga, fundi viatu akasema, "Dada, nyumba haivunjwi ukuta mpaka funguo zote ishirini na mbili zifike ofisini. Zetu hatuzitoi mpaka nawe upate hati. Tumeshakubaliana, usitubishie, tuna msiba." Nawajibu sasa, ahsanteni.

Ijumaa sijui itakuwaje, wala sitamdanganya baba kwamba najua. Baba, hukuwahi kuketi kazi ikiwa haijaisha, na hii haijaisha, lakini ina watu. Weka msasa chini. Upumzike kwa amani, baba yetu, taratibu.