Bi Khole Hakulelewa Peke Yake

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyetupa Bi Khole na aliyemchukua. Wasifu huu umeandikwa na familia yake na unasomwa na mdogo wake, Balqees, leo Jumatatu tarehe 10 Novemba 2025, siku ya tatu ya matanga, katika ukumbi wa wanawake hapa Darsait. Umepigwa chapa pia katika kijitabu cha khitma, ili asiyesikia asome, na aliyesikia vibaya asome mara mbili.

Bi Khole binti Nasr bin Musallam alizaliwa Mkunazini, Unguja, tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa kwanza wa marehemu Bwana Nasr na Bi Mwanamize, ambaye amekaa hapa mbele yenu. Mwaka 1974 familia ilihamia Maskati na kupanga nyumba ya vyumba viwili Darsait. Humo waliishi baba, mama, watoto, ami na mkewe, bibi mzaa baba, na mgeni yeyote aliyeshuka kutoka Unguja akawa bado hajapata pa kukaa. Bi Khole akisema kwamba mpaka anakwenda kusoma Cairo hajapata kulala bila ya mguu wa mtu mwengine tumboni mwake. Alipotaka kudurusu kwa ajili ya mtihani, aliomba ufunguo wa gari la baba akakaa humo na vitabu vyake, na hata huko mama alimfuata na sahani ya vitumbua. Haya yameandikwa kwa makusudi.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1975 bila ya neno moja la Kiarabu. Mwalimu alipomuuliza jina la baba yake, alisimama akajibu kwa Kiswahili safi kwamba baba yupo kazini, aje jioni. Darasa zima likacheka. Kabla ya kumaliza shule ya msingi alikuwa akiwasahihishia insha wale wale waliomcheka. Alisomea kemia Cairo na kupata shahada mwaka 1990, kisha akaajiriwa katika maabara ya kiwanda cha rangi Rusayl, alikofanya kazi mpaka alipostaafu mwaka 2021. Kazi ilimwingia damuni. Akialikwa harusini, wenzake hutazama bibi harusi, yeye hutazama kuta.

Tarehe 22 Julai 1993 aliolewa na Bwana Sinan bin Aflah, mhandisi, wakajaaliwa watoto wawili, Reem na Asaad. Walihamia Qurum, lakini Ijumaa chakula cha mchana kililiwa Darsait kwa mama, na asiyefika alitafutwa kwa simu.

Sasa familia inafika penye jambo ambalo limeichosha.

Mwezi wa Ramadhani wa mwaka 2019, Bi Khole alitunga hadithi fupi, akairekodi kwa sauti yake na kuituma kwenye kikundi cha Wasap cha wanawake wa ukoo. Ilimhusu mtoto wa kike anayelelewa katika nyumba kubwa ambamo hakuna anayemsemesha. Mtoto yule hutoka nje ya chumba chake, akabisha hodi, kisha akaingia mbio ndani na kujijibu mwenyewe, "Karibu." Bi Khole aliisimulia kwa "mimi", kwa kuwa aliona hivyo ndivyo itakavyomgusa msikilizaji. Alianza kama walivyoanza mabibi zetu: "Hadithi, hadithi. Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Hapo simu ikaacha kurekodi. Akairekodi iliyobaki katika sauti ya pili.

Kuna jamaa, hatutamtaja na mwenyewe anajijua, aliyeipeleka mbele sauti ya pili peke yake. Ikaenda bila ya uongo njoo. Ikafika Sur, ikafika Salalah, ikafika Dubai na Unguja, na kila ilikofika watu walilia, wakaamini kwamba Bi Khole anasimulia maisha yake.

Watu walimjia na vyungu vya mchuzi. Mwanamke asiyemjua alimkumbatia katika foleni ya duka la dawa na kumlowesha bega. Bwana mmoja alipiga simu kutoka Salalah akataka kuwa kaka yake, na yeye ana ndugu wanne wa kiume wa kumtosha. Kila mmoja alimjibu, "Ni hadithi, bibi. Hadithi tu." Nao wakimpapasa mkono na kumwambia, "Tunafahamu, mwanangu. Hutaki kumvunjia mama heshima." Kadiri alivyokana ndivyo walivyozidi kuwa na hakika. Aliwatumia ile sauti ya kwanza, wakasema ameirekodi baadaye ili kuficha.

Hayo yote yangevumilika. Lakini waliomwonea huruma mtoto walitafuta wa kumlaumu, na wakamwona Bi Mwanamize. Wapo waliokuwa wakimbusu kichwa kila wakikutana naye, wakaanza kumpa ncha za vidole tu. Katika harusi moja ya Al Khuwair, bibi mmoja alimwambia mbele za watu, "Mtoto hafanywi vile, Mwanamize." Yeye akaitikia, "Naam," akaendelea kula. Bi Khole aliinuka mezani, akatoka nje, akalia kwa hasira mpaka wanja ukamshuka.

Wengi mtauliza kwa nini basi hakusema hadithi ile aliitoa wapi. Alikatazwa. Aliyebisha hodi na kujikaribisha mwenyewe ni Bi Mwanamize. Aliachwa yatima mdogo sana, akalelewa Unguja na jamaa ambaye leo ni marehemu na ambaye jina lake halisomwi hapa kwa ombi la mama. Alimhadithia binti yake jikoni siku moja, huku wakikuna nazi, wala hakutegemea kwamba itatoka pale. Ilipotoka, alisema, "Wacha wanambie mie. Wale ni ndugu zangu, watoto wa aliyenilea. Sitaki waaibike." Bi Khole akameza. Kwa miaka yote iliyobaki alimwona mama yake akilaumiwa kwa ukiwa ambao yeye mama ndiye aliyeupata, na hakupewa ruhusa ya kusema.

Mapema mwaka huu Bi Khole aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Alitibiwa hapa Maskati, na madaktari na wauguzi walifanya kila waliloweza. Alifariki nyumbani kwa mama yake Darsait, alfajiri ya Jumamosi tarehe 8 Novemba, kichwa chake kikiwa juu ya mapaja ya Bi Mwanamize, nasi sote tumejaa chumbani hata hapana pa kuweka mguu. Alizikwa siku ile ile baada ya sala ya adhuhuri.

Jioni yake, katika ukumbi huu, mama alisikia nyuma yake sauti ikisema, "Maskini, kakua peke yake, kafa peke yake." Akamwita Balqees.

"Waandikie," akasema. "Wale ndugu zangu wamekwisha kufa, na mie nimekwisha mzika mwanangu. Nnaogopa nini tena?"

Bi Khole ameacha mume, Bwana Sinan. Watoto wake, Reem na Asaad. Ndugu zake wanne wa kiume. Mdogo wake, Balqees. Na mama yake, Bi Mwanamize, aliyemlea vizuri.

Mama ameongeza neno moja, na ametaka lisomwe kama alivyolisema: "Msije mkanililia mimi sasa. Mimi nnakaribia miaka thamanini, na yale yalipita. Mmeshamlilia mtoto wa hadithi. Mlilieni mwanangu."

Ewe Mola, mpokee Khole kwa rehema zako, umpanulie kaburi lake, na umpe utulivu. Amin.