Mama Vumbi, Aliyeiamkia Mifupa

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Mama Vumbi atavua koti lake jeupe na kukabidhi funguo za chumba cha mifupa. Jina hilo alilipata kwa haki: hakuna aliyeweza kusaga meno na mifupa ya kale ikawa vumbi laini kama yeye. Wageni waliodhani ni jina la dharau walisahihishwa na yeye mwenyewe.

Alianza kama mwosha vyombo vya maabara, wakati ule tukiwa na chumba kimoja na feni moja iliyolalamika kuliko wafanyakazi. Kidogo kidogo akajifunza kushika keekee ya kutobolea mifupa, kisha kupima vinasaba, kisha kutufundisha sisi wenye vyeti. Kazi yetu ni kutafuta magonjwa ya kurithi ya kuganda kwa damu katika mabaki ya watu waliozikwa karne nyingi zilizopita. Ile hitilafu inayofanya damu igande kupita kiasi aliipata kwenye meno tisa, na ni meno hayo yaliyofanya tuongezewe vyumba vitatu.

Alikuwa mkali. Mkurugenzi alirudishwa mlangoni mara mbili kwa sababu ya ndevu zilizochungulia nje ya barakoa. Mumewe anasema ameshazoea chai yenye harufu ya klorini. Lakini kabla ya kuwasha keekee, Mama Vumbi aliuinamia kila mfupa na kusema shikamoo, kwa kuwa, alitueleza, mtu wa miaka mia nane amekuzidi umri hata kama haitikii. Tulimcheka, kisha tukaanza kuamkia na sisi.

Miaka kumi na miwili iliyopita, jino la mwanamke mmoja wa kale lilitoa hitilafu tuliyoisaka siku zote: ile inayozuia damu kuganda. Soda zikanunuliwa, ripoti ikaandikwa. Mama Vumbi peke yake hakufungua soda yake. Alirudia kulinganisha matokeo na vinasaba vyetu wafanyakazi, ambavyo huhifadhiwa ili kubaini kama mmoja wetu amechafua sampuli, na jibu likatoka: hitilafu haikuwa ya marehemu, ilikuwa yake mwenyewe. Siku ya kusaga lile jino, barakoa ililegea alipokuwa akiamkia, na mate yakaruka. Aliyaandika hayo yote katika daftari la makosa, akatia sahihi, na ripoti yetu ikachanwa.

Tulipoona machozi yake tulidhani ni aibu. Ndipo alipotuambia habari za mdogo wake, aliyeng'olewa jino akiwa na miaka saba, akavuja damu siku tatu, akafa. Mama yao ndiye aliyempeleka kung'olewa, na kwa miaka arobaini hakujisamehe wala hakulala vizuri. Mawifi nao hawakumsaidia kusahau.

Jioni ile alimpelekea mama yake karatasi ya matokeo, akamweleza kwamba damu ya mtoto ilikuwa hivyo tangu tumboni. Mama akauliza kama basi ni yeye aliyempa.

"Hata wewe ulipewa, mama," alimjibu, "na aliyekupa naye alipewa."

Kesho yake Mama Vumbi alichelewa kazini kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Alisema mama yake alikuwa amelala mpaka saa nne asubuhi, na yeye hakuwa na moyo wa kumwamsha.

Hitilafu ile hatujaipata katika mfupa wowote wa kale mpaka leo. Hilo anatuachia sisi. Mama Vumbi, asante kwa ukali wako, kwa vumbi lako, na kwa ile soda, ambayo bado iko kwenye friji haijafunguliwa, na hakuna anayethubutu kuitupa. Nenda ukapumzike, chai yako iwe na harufu ya chai, na wajukuu wakuchoshe vizuri. Tutakukumbuka sana. Na kabla hujatoka mlangoni, tumekaza barakoa zetu, tumeinama: shikamoo.