Mlalamishi Ni Wewe

Wenzangu, mkiona nafunga jicho moja msidhani nawakonyeza! Hili la kushoto lilikufa nikiwa gerezani. Acha niwaambie vile la kulia liliponea.

Kifungo changu nilikuwa nakitumikia, sina neno. Lakini jicho lilianza kuuma, likavimba, likazima kabisa. Kila nikiomba nipelekwe hospitali, naambiwa, "Gari hakuna." Kisha hili lingine nalo likaanza kuingia ukungu. Ndugu zangu, niliogopa! Nina mama kule Marungu. Nikajiuliza, nikitoka nitamjua kwa sauti tu?

Mfungwa mwenzangu tuliyelala karibu akasema, "Washtaki. Ulihukumiwa kufungwa, hukuhukumiwa kunyimwa matibabu." Wakili ningemtoa wapi mimi? Akaniandikia ombi kwa mkono, nikatia alama ya kidole, likapelekwa Mahakama Kuu hapa Voi.

Hapo sasa ndipo hofu nyingine ilipoanza. Askari hawakunigombeza, wala hawakunisemesha. Na kimya kingi kina mshindo. Funguo zikilia, nashtuka: leo nahamishwa mbali, mama hatanifikia tena. Nikataka kuliondoa lile ombi. Mwenzangu akanifokea, "Thubutu uone!"

Siku ya kesi tukaketi benchi moja, wafungwa wengi. Karani akaita, "Mlalamishi!" Nikatulia. Akaita tena. Nikageuka kumtafuta huyo mlalamishi. Mnacheka? Mimi kortini nilijua jina moja tu, mshtakiwa!

Wakili wa serikali akainuka. "Mheshimiwa, mlalamishi hajajitokeza. Tunaomba ombi hili litupiliwe mbali."

Hata hapo sikuelewa. Aliyenishika kwapa ni askari aliyenileta, yule mama niliyekuwa namwogopa kuliko wote. Akaninong'oneza, "Mama, ni wewe! Simama useme."

Nikasimama. Yote niliyokariri yakanitoka. Nikasema tu, "Mheshimiwa, nasikia sauti yako, lakini uso wako siuoni."

Jaji akaandika kwenye faili. Kisha akaamuru nipelekwe hospitali siku hiyohiyo. Na gari, wenzangu, likapatikana!

Namshukuru aliyeniandikia. Namshukuru yule askari. Simtaji, bado yuko kazini. Na nyinyi mlionipokea nilipotoka, bila kuninyooshea kidole, asanteni. Ninalowaachia ni hili: ukidhulumiwa, halafu ukasikia mlalamishi anaitwa, usigeuke kumtafuta mwingine.

Mama yangu ameketi pale nyuma, amejifunga leso ya manjano. Mama, usijifiche. Nakuona.