Fungu la Dada

Muuguzi alikuwa ametoka zamu, amechoka hoi, na alitaka kusinzia tu kwenye kiti chake cha treni. Lakini mbele yake mshonaji mmoja, tepu ya kupimia ingali shingoni, alikuwa akimsimulia mzee fundi bomba aliyekutana naye humo humo, na sauti yake haikuwa ya kumlaza mtu.

"Baba alipofariki, kaka zangu waligawana nyumba. Mimi wakaniambia, 'Wewe umeolewa, mumeo atakutunza.' Miaka sita nilinyamaza. Leo kadhi kawasomea aya ya mirathi, wakainamisha vichwa. Nimepewa fungu langu, chumba cha mbele kinachotazama barabara!"

"Hongera, mwanangu," fundi alisema kwa shingo upande. "Ila umeshinda kesi, umepoteza ndugu. Undugu ni kufaana."

"Ndiyo, baba, kufaana! Wao walinifaa nini?"

"Na fungu lenyewe nusu ya la kaka. Kelele zote hizo kwa nusu?"

Muuguzi, ambaye naye alikuwa na kaka wanne, usingizi ulimruka.

"Nusu aliyonipa Mungu, baba, binadamu hana ruhusa ya kuifanya sifuri."

Treni ikasimama. Mshonaji akateremka, kichwa juu. Fundi akachungulia dirishani: "Lakini nusu ni nusu tu!"

"Nusu yangu ina mlango," alijibu akicheka, "na kesho nafungua duka humo!"

Muuguzi alijikuta anapiga makofi, na wanawake wa behewa zima wakamfuata.